Vigelegele Kabla ya Sehemu ya Pili

Baraka, baba yangu,

Mungu akulinde huko utakakoisomea barua hii, maana leo huisomi. Nitaichomeka kwenye begi lako kubwa, katikati ya mashuka, uikute Ohio, chuoni kwako, baba yako akishageuza gari kurudi. Sasa hivi mmekwenda naye kujaza matairi upepo, na ninavyowajua mtapitia kula kuku wa kuchoma, kwa hiyo meza ya jikoni ni yangu mpaka jua lizame.

Sikuandikii habari ya koti la baridi. Wala ya kufua nguo nyeupe peke yake. Hayo nimeyasema hadi ukawa unaitikia kabla sijamaliza sentensi. Kusali nako sikuandikii. Nimekulea, mlango unaujua. Naandika Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza mimi ni mtu mwingine, mtu wa kazini, anayesema "sawa" na "asante". Neno likikushinda mpigie baba yako. Atajifanya ana shughuli, lakini atakueleza.

Nataka kukuandikia juu ya ile konseto.

Cheka tu. Mama yako aliyeishia darasa la saba anakuandikia wewe juu ya konseto. Lakini vumilia, maana kuna kitu kimekaa katikati yetu tangu mwezi wa tano, na sisi watu wawili tunakizunguka kama kochi lililowekwa njiani.

Siku ile uliniambia, "Mama, njooni, ni okestra ya vijana ya kaunti, napiga piano konseto nzima ya yule mtunzi Mrusi." Hukuniambia kwamba konseto ina sehemu tatu na kwamba watu hukaa kimya katikati. Sikulaumu. Samaki hamwelezi mtu maji. Baba yako alisema nialike wawili. Nikaalika benchi zima la akina mama wa kanisani, tukashona vitenge sare, vile vya njano vyenye ndege wa buluu, na kimoja hakikushonwa. Hicho kilikuwa chako.

Ulianza peke yako. Zile sauti nzito, moja, halafu nyingine, kila moja inaizidi iliyotangulia, nikasema moyoni, hizi ni kengele za ibada. Nikatulia. Halafu fidla zikaingia zote na wimbo wao mrefu, na wewe ukabaki unakimbiza vidole chini yao, husikiki vizuri. Nikamnong'oneza baba yako, "Mbona wanamfunika mtoto?"

"Nyamaza, Mama Baraka. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani kaandika hivyo? Si yeye ndiye mwenye siku?"

Akanikanyaga mguu.

Kisha mkaongeza mwendo, mkagonga ule mwisho, pa, pa, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Hakuna aliyepiga hata kofi. Mtu mmoja akakohoa. Mama Furaha, unamjua alivyo, akaniinamia na Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Mama Baraka, mutoto amemaliza. Tunangoja nini? Hii ni matanga ao ni feti?"

Na mimi kimya kile kilikuwa kinaniuma. Kwetu mtu akimaliza kuimba mkamtazama tu, maana yake mmemkataa. Nikasimama. Nilipiga kigelegele ambacho naamini walikisikia hadi barabarani, benchi zima likaitikia, na kabla akili haijanirudia nilikuwa nimeshapanda ngazi za pembeni nikakutandika kitenge begani mbele ya watu wote. Kiongozi wa okestra alikuwa ameinua kijiti, mkono uko juu, kama mtu aliyesimamishwa na askari. Nikakubusu utosi.

Ukasema polepole, "Mama, bado."

Wewe ambaye hunijibu kwa Kiswahili hata nikikuita uje ule. Neno moja. Bado.

Nikashuka. Watu wakacheka, kicheko kidogo, si kibaya. Ukakivua kitenge, ukakikunja mara mbili kama nilivyokufundisha, ukakiweka kwenye benchi la piano ubavuni kwako, ukaanza sehemu ya pili. Mahali fulani vidole vilisita. Wengine hawakujua. Mimi niliona mgongo wako.

Hayo yote, baba, ni ya kuchekwa. Mama Furaha bado anayasimulia na kila wiki anaongeza ngazi. Kingekuwa kitenge tu, tungekwisha kucheka wote. Kilichobaki ni kile nilichosema ndani ya gari. Ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, unatazama dirishani, hukunigombeza, na utulivu wako ndio ulionichoma. Nikasema bila kugeuka, "Muziki usiotaka kushangiliwa hauna Mungu ndani yake." Baba yako akawasha indiketa, na hatukuwa tunakata kona yoyote.

 Tangu siku ile unapiga piano yako ya umeme ukiwa umevaa visikilizio, na nyumba hii haijasikia noti hata moja.

Nikupe kisa ambacho sijawahi kukupa. Siku ya kipaimara changu kule Njombe, kanisa limejaa, baridi ya mwezi wa saba, tumevaa nguo nyeupe za kuazima na masweta chini yake. Jina langu lilipoitwa, bibi yako alipiga kigelegele kimoja kirefu. Mchungaji wetu, mtu mwema ila mkavu, akainua macho kwenye kitabu akasema, "Mama, hapa ni kanisani." Hakuongeza neno. Bibi yako akakaa. Miaka ikapita, nikafunga ndoa kanisa lile lile, mchungaji ni mwingine, watu wanashangilia mpaka bati linatetemeka, na bibi yako ametulia, mikono mapajani. Jioni nikamuuliza, "Mama, mbona wewe hukunishangilia?" Akasema, "Mimi nilishaambiwa."

Alikufa hajapiga kingine mbele yangu.

Sasa uliposema neno lako pale jukwaani, mimi sikukusikia wewe. Nilimsikia mchungaji. Wewe ulisema bado, mimi nikasikia hapana. Na nikakurudishia wewe, mtoto, hasira niliyokuwa nimemwekea mtu ambaye ameshazikwa. Ukubwani nimejifunza hili kwa tabu: maneno makali tunayowatupia watu wa nyumbani, mara nyingi si wao walioyaagiza.

Mwezi wa saba nilipita na kapu la nguo mlangoni pako ukiwa kwenye simu. Ulikuwa unamweleza rafiki yako kwamba mwezi wa pili kule chuoni kuna mashindano ya konseto, kwamba utaipiga hiyo hiyo, okestra ikiwakilishwa na piano ya pili, na kwamba familia zinaruhusiwa kuja. Halafu ukasema wazazi wako hawatakuja, ni mbali. Na siku hiyo baba yako alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili akuendeshe hadi huko huko. Nilisimama na kapu. Nguo zilikuwa bado za moto kutoka kwenye mashine.

Sikukasirika. Nilijiuliza tu, ningekuwa mimi ni wewe, ningemwalika huyu mama? Nikajijibu ukweli.

Kesho yake nikaenda maktaba. Dada wa pale akanitafutia diski ya konseto hiyo, maana gari langu ni la zamani na bado linakula diski. Nikaanza kwenda nayo kazini, kutoka hapa Woodbridge hadi kule Falls Church kwa wazee ninaowatunza. Siku za kwanza nilisinzia. Siku nyingine nikaizima nikaweka mahubiri. Lakini barabara ya 95 haina huruma, ukikwama umekwama, na Mrusi wako akapata nafasi ya kusema na mimi. Sasa naijua kwa barabara. Njia ikiwa nyeupe, kengele zinaanza ninapoingia 95, sehemu ya kwanza inaniishia karibu na Springfield. Ya pili ni ya Beltway, ile barabara ya kuzunguka mji. Ya tatu inanifikisha Route 50 nikiwa naendesha kwa kasi ambayo baba yako hapaswi kuijua. Kukiwa na ajali mbele, nasikia ya pili mara mbili, na siku hizi sinung'uniki.

Aliyenipa historia yake ni Bibi Eleanor. Huyu ni mmoja wa wazee ninaowaogesha, yule anayekataa chai ikiwa mfuko umekaa ndani sana. Alipiga viola, ndugu mkubwa wa fidla, katika okestra hadi vidole vilipopinda. Nilimsimulia habari ya kitenge nikiwa namvisha soksi. Alicheka mpaka nikamwekea mto mgongoni. Nikamwambia, "Bibi, usicheke, nilimwaibisha mtoto." Akafuta macho akaniambia kwamba zamani, enzi za watunzi wenyewe, watu walipiga makofi kila sehemu ilipoisha, na wakipenda sana walidai irudiwe pale pale kabla ya kuendelea. Kimya hiki kilikuja baadaye.

"Kwa hiyo sikukosea?" nikamuuliza.

"Hukukosea," akasema. "Ulichelewa kuzaliwa. Na kile kitambaa, hapana, hicho hata enzi hizo wangekutoa nje."

Basi kila nikimhudumia ananimegea kipande. Wewe unayajua, lakini acha nikusimulie nilivyoyapokea mimi, maana mwalimu wako alikuambia kwa ajili ya vidole, mimi niliambiwa kwa ajili ya mengine.

Kumbe yule Mrusi alikuwa kijana tu alipotoa kazi yake ya kwanza kubwa ya okestra. Ikapigwa vibaya, na wenye kalamu wakaikanyaga kama mende. Akanyamaza. Miaka kama mitatu hakuweza kuandika kitu cha maana. Ndugu zake wakampeleka kwa daktari, si wa sindano, daktari wa maneno. Anamketisha kwenye kiti, siku baada ya siku anamwambia lile lile, kwamba utaandika konseto, na itakuwa nzuri. Hadi ikawa. Na ilipokamilika akamwandikia huyo daktari, jina lake juu kabisa. Bibi Eleanor anasisitiza kwamba daktari naye alipiga viola nyumbani kwake, na anaamini viola ndiyo iliyoponya. Sikumbishia.

Niliposikia hayo niliondoka jioni nikafika Springfield, foleni imesimama, nikalia usukani mkononi. Mtu yule alipata wa kumwambia kila siku kwamba itakuwa nzuri. Wewe ulikuwa na mimi, kiti cha mbele.

Kwa hiyo nakuambia sasa, nikiwa nimechelewa kama nilivyozaliwa. Itakuwa nzuri. Mungu yumo mle ndani. Nilimkuta kwenye sehemu ya pili, ile niliyokuharibia. Pale mwanzoni piano haiimbi, inatandika tu, vidole vinapanda na kushuka taratibu, na filimbi inakuja kuimba juu yake, halafu klarineti. Piano ndiyo mwenye siku, na inakubali kuwa mkeka. Nilimlalamikia baba yako kwamba wanakufunika. Hawakuwa wanakufunika. Ulikuwa unawabeba. Mimi nimefanya kazi ya kubeba watu miaka yote hii, kuwainua kitandani, kuwashusha bafuni, na sikuitambua nilipoiona ikifanywa na mwanangu mbele ya macho yangu.

Lingine lililonishangaza: hakuanza na mwanzo. Sehemu ya pili na ya tatu ndizo alizoandika kwanza, zikapigwa mbele ya watu zikiwa hazina kichwa. Kengele zilikuja mwisho. Kwa hiyo ukijikuta Ohio umeanzia katikati, wenzako wanazungumza mambo ambayo huyajui na wanacheka kabla yako, usidhani umepotea. Mimi nilifika nchi hii nikaogesha mtu nisiyemjua kabla sijajua kumuuliza kwa Kiingereza ameamkaje. Nilidhani nimeanza vibaya. Leo naona ile ilikuwa sehemu ya pili tu, na mwanzo nilikuja kuuelewa baadaye, nikiwa nimeshakuzaa wewe.

Na mwisho wake je, unaujua? Kwao kulipochafuka alitoka na mke na watoto na mizigo michache. Akaja huku huku Marekani. Akala kwa vidole vyake, tamasha hadi tamasha, treni hadi treni. Hakurudi kwao tena, na wanasema kuandika kwake kulipungua sana. Bibi Eleanor aliponiambia alizikwa huku, nilikunja taulo. Akaniuliza, "Wewe utazikwa wapi?" Wazee hawa hawana breki. Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, baba. Lakini nilijisikia nimepata ndugu. Nilikuwa nadhani ule ni muziki wa watu wenye nyumba kubwa. Kumbe mwenyewe alikuwa mhamiaji kama baba yako, amevaa koti la ugenini anasaka riziki.

Sasa nikuambie la wiki iliyopita, ambalo ulidhani hukuonekana.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha vyombo, wewe uko kwenye piano, visikilizio masikioni. Hakuna muziki nyumbani, ni kule kugonga kwa funguo tu, toko, toko, kama mtu anayemenya karanga. Miezi yote hiyo ulikuwa mlio wa kunikasirisha. Siku hiyo mkono wangu ukasimama ndani ya maji. Nilizitambua. Zilikuwa kengele. Toko moja nzito, kisha kimya, kisha nyingine nzito zaidi. Nikajua hapa fidla zimeingia. Nikajua hapa umepita Lorton, njiani kwenda Springfield. Niliisikia yote, Baraka, sehemu ya kwanza nzima, kwa kule kugonga kwa funguo na kwa barabara niliyoipita kiangazi chote. Ilipoisha, pa, pa, nilijua imeisha, na nikafunga bomba ili maji yasipige kelele.

Ukageuka. Ukaniona nimesimama na kitambaa cha vyombo kifuani. Ukatoa sikio moja, ukaniuliza kwa Kiingereza chako kama nataka kitu.

Nikasema, "Hapana. Endelea. Bado."

 Hukutabasamu, usije ukasema nimekusingizia. Ulirudisha sikio lako ukaendelea na sehemu ya pili, na mimi sikugusa chombo mpaka ilipokwisha.

Sikuandiki ili unialike. Mashindano ni yako, na mtu ana haki ya kuingia vitani bila kumtazama mama yake ukumbini. Ukiona uzito, usituite, na sitanung'unika. Nitaondoka kazini saa ile ile, nitaweka diski, nitakuombea kuanzia Route 50 hadi nyumbani. Ninachokuomba ni kingine: usipige tena kwa kujificha. Huko utakuwa na chumba chenye piano ya kweli na mlango. Uache wazi kidogo. Atapita mtoto wa watu aliyesongwa na mambo yake, asikie zile kengele. Bibi yako alinyamazishwa kwa neno moja, na lilimdumu hadi kaburini. Sitaki neno langu likae ndani yako muda kama huo. Nalitoa leo. Nimelitubu mbele za Mungu na sasa mbele yako, na wewe ndiwe uliyekuwa mgumu zaidi kukabili.

Naona imetosha. Nakwenda kuichomeka kabla hamjarudi.

Nimerudi. Kalamu ilikuwa bado mezani.

Nimefungua begi. Nilikuwa natafuta katikati ya mashuka, nikagusa kitu kigumu. Ni yale madaftari yako ya noti, umeyafungia vizuri yasikunjike, na umeyafungia kwa kitenge. Cha njano, chenye ndege. Nilidhani ulishakitupa. Sikuwahi kukiulizia kwa kuogopa jibu.

Sijui umekichukua kwa sababu gani. Labda kilikuwa karibu na mkono na madaftari yalihitaji kufungwa. Sitauliza. Nimekikunja tena kama kilivyokuwa, mara mbili, na barua nimeiweka juu yake badala ya kwenye mashuka.

Nasikia gari. Baba yako anafunga mlango kama mtu anayetoka vitani, na harufu ya kuku imewatangulia.

Basi sikia. Ukituita, tutakuja. Nitakaa kiti cha pembeni, Mama Furaha nitamwacha huku Virginia. Sehemu ya kwanza ikiisha nitashika mikono yangu. Ya pili ikiisha, nitafunga macho, maana ile ni ya kusali. Lakini ya tatu, baba yangu, ikishagonga pale mwisho na ukanyanyua mikono kwenye funguo, hapo sikuahidi kitu. Mwambie mapema yule wa piano ya pili, asishtuke.

Mama yako